Nyika za Kaluna za Pwani ya Norwe: Ukame, Moto na Malisho – Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa kila mazungumzo yanapogusia nyika za vichaka zilizoko pwani ya magharibi ya Norwe. Wanaouliza ni wanafunzi wa mazingira, wafugaji, na ndugu zetu wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi huko, ambao huona vilima vikiwa vya zambarau mwezi wa Agosti na mwaka mwingine vikageuka kahawia bila wao kujua sababu. Maswali mepesi yako mwanzo, yenye utata yako mwisho. Jambo likiwa limeelezwa pengine, tunakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Nyika ya kaluna ni nini?

Ni ardhi ya wazi isiyo na miti, au yenye miti michache sana, iliyofunikwa na vichaka vifupi ambavyo kwa kawaida havipiti urefu wa goti au paja. Kichaka kinachotawala ni kaluna, ambacho jina lake la kisayansi ni *Calluna vulgaris*. Ukikishika mkononi utaona majani madogo mno, yamepangwa kwenye tawi mithili ya magamba ya samaki. Majani hayo hubaki hai mwaka mzima, na hiyo ndiyo sifa inayoeleza karibu kila kitu kitakachofuata hapa, uzuri wake na balaa lake.

Ndani ya nyika hiyo kuna pia erika, vichaka ndugu wa kaluna, wa aina mbili (mmoja hupenda maeneo yenye majimaji, mwingine miteremko mikavu), vichaka vya matunda madogo meusi, mireteni, nyasi ngumu, na zulia la kuvumwani chini. Udongo ni mwembamba, mara nyingi ni tabaka la mboji (mabaki ya mimea yasiyooza kabisa) juu ya mwamba, na una tindikali kali. Mahindi hayawezi kustawi hapo, lakini kaluna ina kuvu wanaoishi kwenye mizizi yake na kuisaidia kupata naitrojeni kutoka kwenye mboji ambayo mimea mingine haiwezi kuitumia.

Nyika za namna hii zimeufuata ukingo wa Atlantiki, kutoka Ureno hadi visiwa vya Lofoten kaskazini mwa Norwe.

Je, ni mandhari ya asili au yametengenezwa na watu?

Yametengenezwa na watu, na watu wengi hushangaa wakisikia hivyo. Palikuwa na misitu. Wakulima na wafugaji wa kale waliifyeka na kuichoma ili wapate malisho. Mtaalamu wa mimea Peter Emil Kaland wa Chuo Kikuu cha Bergen alitumia miaka mingi kusoma chavua za kale zilizohifadhiwa kwenye matope na mboji. Katika matabaka hayo chavua za miti hupungua, za kaluna huongezeka, na vumbi la mkaa huambatana nazo. Mabadiliko hayo hayakutokea siku moja wala mahali pamoja. Yalienea kwa maelfu ya miaka, na sehemu nyingine yana umri unaozidi miaka 4,000.

Kwa hiyo tunapozungumza juu ya nyika hizi tunazungumza juu ya shamba kubwa la malisho lililorithiwa vizazi na vizazi. Watu wakiondoka, nalo huondoka.

Kwa nini hasa pwani, na si bara?

Kwa sababu bahari hupunguza makali ya baridi. Pwani ya magharibi ya Norwe hupata theluji kidogo isiyokaa muda mrefu, kwa hiyo kondoo wanaweza kula nje mwaka mzima. Majira ya joto hula nyasi. Majira ya baridi, nyasi zikiwa zimekufa, hula kaluna ambayo majani yake bado ni hai. Kondoo wa asili wa huko, wale wadogo wenye mikia mifupi na pembe, wamezoea maisha hayo kabisa. Mfugaji hakuhitaji kukusanya majani makavu mengi ya kumlisha mnyama zizini miezi sita, na kwa familia maskini za wavuvi na wakulima hilo lilikuwa jambo kubwa.

Zimebaki nyingi?

Hapana. Sehemu kubwa ya nyika za pwani za Ulaya imetoweka tangu karne ya 19: ikalimwa, ikapandwa miti, ikajengwa, au ikaachwa tu hadi vichaka na miti vikaifunika. Norwe imeiweka nyika ya kaluna ya pwani kwenye orodha ya mazingira yaliyo hatarini, na tangu 2015 ina hadhi ya kisheria ya aina teule ya mazingira, maana yake mwenye ardhi na halmashauri wanapaswa kuizingatia kwa namna ya pekee. Mahali pazuri pa kuiona ikitunzwa ni Lygra, kaskazini mwa Bergen, ambako kuna kituo cha nyika hizi na kondoo wake.

## Ukame

Pwani ile hunyesha karibu kila siku. Ukame unatoka wapi?

Ni swali la haki. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho miji mingi ya Afrika Mashariki haikioni kwa mwaka. Lakini ukame haupimwi kwa jumla ya mwaka peke yake. Unapimwa kwa muda uliopita bila mvua, na kwa kiasi cha maji ambacho udongo unaweza kukihifadhi katika muda huo.

Udongo wa nyika hizi ni kiganja kimoja au viwili vya mboji juu ya jiwe. Ukijaa, maji hububujika baharini. Wiki chache za jua na upepo mkavu zinatosha kuukausha. Mimea ya hapo nayo imezoea unyevu wa kila mara, kwa hiyo haikujiandaa kwa kiu kama miti ya nyika zetu za Dodoma au Kitui. Mwaka 2018, majira ya joto yalipokuwa makavu kupita kawaida katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa Ulaya, wafugaji wa Norwe walihangaika kutafuta chakula cha mifugo mahali ambapo kwa kawaida tatizo ni mvua kuzidi.

Nimesikia habari ya "ukame wa majira ya baridi". Inawezekanaje?

Inawezekana, na kwa kaluna huenda ndio ukame mbaya kuliko wote. Fikiria siku ya Januari: hakuna theluji, mbingu ni safi, jua linawaka na upepo mkavu unavuma kutoka bara. Ardhi imeganda. Majani ya kaluna, kwa kuwa hayapukutiki, yanaendelea kupoteza maji hewani. Mizizi haiwezi kuyarudisha, maana maji yote ardhini yamekuwa barafu. Mmea unakauka huku umesimama juu ya maji.

Theluji ingesaidia. Blanketi la theluji hukinga matawi dhidi ya upepo na kuzuia ardhi isigande sana. Ndiyo maana majira ya baridi yenye theluji haba na hewa kavu yana hatari kubwa hata kama vipimo vya baridi yenyewe si vya kutisha.

Ni nini kilitokea majira ya baridi ya 2014?

Januari ya mwaka huo, pwani ya kati ya Norwe, hasa eneo la Trøndelag, ilikaa muda mrefu bila mvua wala theluji, huku upepo mkali na mkavu ukivuma. Mimea ilikauka. Mwishoni mwa mwezi moto ulizuka Flatanger na kuteketeza majengo zaidi ya 50, yakiwemo makazi ya watu. Siku chache baadaye moto mwingine ukawaka kisiwani Frøya, na mamia ya wakazi wakahamishwa. Moto wa nyika, katikati ya majira ya baridi, kaskazini kiasi hicho: wengi hawakuamini walichokuwa wanakiona.

Vilivyowaka ni vichaka ambavyo havikuwa vimechomwa wala kulishwa kwa miaka mingi. Vilikuwa vimerefuka, vimejaa matawi makavu, na chini yake kuvumwani iliyokauka kama pamba. Majira ya kuchipua yalipofika, watu wakaona uharibifu wa pili. Hata mahali ambapo moto haukufika, kaluna ya maeneo mengi ya pwani ilikuwa imegeuka kahawia kwa kiu.

Nitajuaje kama kichaka kimekufa kweli au kimeumia tu?

Rangi peke yake inadanganya. Kaluna hubadilika kuwa kahawia yenye wekundu kila majira ya baridi, na hiyo ni kawaida. Iliyokufa kwa ukame huelekea rangi ya kijivu-kahawia, na ukiipapasa majani hupukutika mkononi.

Chukua tawi dogo, likwangue gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini ya gome, tawi liko hai. Ukiona kahawia na pakavu, shuka chini zaidi na ukwangue tena karibu na shina. Mara nyingi utakuta ncha zimekufa na shina liko hai. Usitoe hukumu kabla ya Juni: chipukizi mpya zinaweza kuchelewa, na zikitokea hutokea chini kabisa, karibu na udongo, mahali ambapo mpita njia hatazami.

Ni kaluna ipi inayoumia zaidi, changa au ya zamani?

Inabidi kutenganisha mambo mawili: kuumia na kuinuka.

Wataalamu hugawa maisha ya kaluna katika hatua nne. Miaka sita ya kwanza hivi ni hatua ya kuchipua, ardhi bado iko wazi na mimea mingine inapata nafasi. Kisha hadi miaka 15 hivi ni hatua ya kujaa, kichaka ni kinene na kina nguvu. Halafu hadi miaka 25 ni ukomavu. Baada ya hapo ni uchakavu: matawi ya katikati yanalala, panatokea pengo, na kuvumwani inajaza.

Mche uliotoka kwenye mbegu mwaka huu una mizizi ya urefu wa kidole, na wiki mbili za jua zinaweza kuumaliza. Lakini chipukizi lililotoka kwenye shina la zamani baada ya moto lina mizizi ya mzazi wake chini na majani machache juu, kwa hiyo linahitaji maji kidogo na lina pa kuyatoa. Kichaka kikongwe kina majani mengi na mbao nyingi za kulisha. Kikiunguzwa na ukame, shina lake limeshapoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuchipua upya, uwezo ambao huanza kushuka kichaka kikipita miaka 15 au 20. Basi kinabaki kutegemea mbegu.

Kwa hiyo eneo lenye umri mmoja tu, hasa uzee, liko hatarini kuliko eneo lenye viraka vya umri tofauti. Msimamo wetu katika ukurasa huu unaanzia hapo, na sehemu ya matunzo inaueleza.

Mimea mingine ya nyika nayo?

Kila mmoja na udhaifu wake. Erika wa majimaji huumia ardhi yake ikikauka. Kuvumwani hukauka haraka lakini nyingine hurudi kuwa kijani mvua ya kwanza ikinyesha. Nyasi zenye mizizi ya kina, hasa ile nyasi ndefu ya zambarau iitwayo *Molinia*, zinaweza kupita kwenye ukame na kujaza nafasi iliyoachwa na kaluna. Hapo ndipo nyika hugeuka kuwa uwanja wa nyasi, na kuirudisha ni kazi ngumu.

Wanasayansi wanapimaje athari za ukame mahali ambapo mvua haikomi?

Wanajenga mapaa. Huko Lygra, na kisiwani Tarva kaskazini zaidi, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Bergen wameweka fremu juu ya vipande vidogo vya nyika na kuzifunika kwa mabamba ya plastiki angavu. Mapaa mengine huziba sehemu kubwa kidogo ya anga, mengine huziba karibu yote, na vipande vingine huachwa bila paa ili pawe na kitu cha kulinganisha. Jambo la busara walilofanya ni kurudia mpangilio huo kwenye kaluna changa, ya umri wa kati, na iliyokomaa. Hivyo swali la ukame na swali la matunzo yanaulizwa pamoja.

Majaribio kama hayo yamo kwenye mtandao wa kimataifa wa majaribio ya ukame. Mwaka 2024 mtandao huo ulitoa matokeo ya maeneo 100 ya nyasi na vichaka katika mabara sita: ukame wa mwaka mmoja tu, ukiwa mkali wa kiwango kinachotarajiwa mara moja katika miaka 100, hupunguza ukuaji wa mimea zaidi ya ilivyodhaniwa awali.

Na ukame ukirudi mwaka baada ya mwaka?

Kuna jaribio la Wales, mahali paitwapo Clocaenog, linalofaa kujulikana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mapaa yanayojifunga yenyewe mvua inapoanza yaliwekwa juu ya nyika yenye unyevu. Watafiti walitarajia udongo ukikauka, uozaji wa mboji utapungua. Ikawa kinyume. Mahali palipokuwa na maji kupita kiasi, ukavu uliingiza hewa, vijidudu vikapata nguvu, na udongo ukatoa kaboni zaidi. Zaidi ya hayo, muundo wa udongo ulibadilika: hata mvua za majira ya baridi hazikuurudishia unyevu wake wa zamani.

Hilo linatutia wasiwasi kuliko kaluna kugeuka kahawia. Kichaka kinaweza kuchipua tena. Mboji iliyochukua maelfu ya miaka kujikusanya haina mbegu.

## Matunzo: moto, kondoo na panga

Kwa nini nyika zinachomwa makusudi?

Ili kaluna ibaki changa. Mfugaji anachagua kiraka kidogo, anakichoma, na kuacha vingine. Miaka ya kwanza baada ya moto panaota nyasi na mimea ya majani mapana, malisho mazuri ya majira ya joto. Kisha kaluna inarudi, laini na yenye lishe, malisho ya majira ya baridi. Kiraka kikikomaa kinachomwa tena, kwa mzunguko wa miaka 10 hadi 20 au zaidi kidogo kulingana na kasi ya ukuaji. Ukiwa na viraka vya umri wote katika eneo moja, kondoo ana chakula kila msimu, ndege wana pa kutagia na pa kutafutia wadudu, na ukame ukija haukuti kila kitu katika hali moja.

Viraka vichanga ni pia vizuizi vya moto. Moto wa bahati mbaya ukikimbia kwenye kaluna nzee na kufika kwenye kiraka cha miaka miwili, unakosa chakula.

Moto huo unachomwaje bila kuleta maafa?

Kazi yote iko kwenye kuchagua siku. Uchomaji hufanywa mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzoni mwa majira ya kuchipua, wakati matawi ya juu yamekauka lakini mboji chini bado imelowa au imeganda. Ukichimbua mboji kwa kidole na ikakuachia maji, siku ni njema. Ikiwa inavunjika kama unga, rudi nyumbani. Moto ukiingia kwenye mboji kavu unaua mizizi na mbegu, na unaweza kufukuta chini kwa siku nyingi.

Wachomaji huanza kwa kutengeneza mpaka: ukingo wa maji, njia, mwamba, au ukanda uliochomwa polepole dhidi ya upepo. Wanasimama kando na pampu za maji za kubeba mgongoni na vipigio vya moto vyenye mpini mrefu. Kikosi cha zimamoto kinaarifiwa kabla. Si kazi ya mtu mmoja, na si kazi ya kujifunza kwenye video.

Kwetu tunafundishwa kwamba kuchoma nyika ni uharibifu. Mbona huko wanasifu?

Yote mawili ni kweli mahali pake. Moto wa ovyo unaowashwa mwishoni mwa kiangazi, wakati kila kitu ni kikavu, ukaachwa kwenda utakako, huharibu Norwe kama unavyoharibu Tabora. Na wafugaji wetu wa asili nao walijua kuchoma mapema, majani yakiwa bado na unyevu, ili kupata malisho mapya na kuzuia moto mkubwa wa baadaye. Hifadhi kadhaa za Afrika Mashariki hufanya hivyo hadi leo.

Kinachotofautisha ni msimu, ukubwa wa kiraka, hali ya udongo, na kama mimea ya hapo imeishi na moto. Tunamwomba msomaji asichukue kanuni za Lygra na kwenda kuzitumia mlimani kwetu. Sababu iko kwenye swali la Kilimanjaro hapo chini.

Ni kweli moshi huamsha mbegu za kaluna?

Ni kweli kwa baadhi. Watafiti wa Bergen, akiwemo Vigdis Vandvik, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya kulinganisha mbegu za kaluna za pwani, ambako watu wamechoma kwa maelfu ya miaka, na mbegu za maeneo ambayo hayana desturi hiyo. Za pwani ziliitikia moshi kwa kuota vizuri zaidi. Nyingine hazikuitikia. Maana yake ni kwamba mmea wa porini umebadilika kwa sababu ya kazi ya wafugaji, na binafsi naona ni moja ya matokeo ya kupendeza kuliko yote katika elimu ya nyika hizi.

Kondoo wangapi wanatosha?

Hakuna namba moja. Wakiwa wengi mno, kaluna inatafunwa hadi shina na nyasi ngumu zinachukua nafasi. Wakiwa wachache mno, miti inaingia. Mwaka wa ukame huibana hesabu hiyo: nyasi za majira ya joto zinapokosekana, kondoo huila kaluna mapema, na inaingia majira ya baridi ikiwa imechoka. Mfugaji makini hupunguza kundi au huhamisha wanyama kabla hajaona vichaka vimekatwa kama vimepitiwa na mkasi.

Je, kukata kunaweza kuchukua nafasi ya kuchoma?

Kwa sehemu. Karibu na nyumba na nyaya za umeme, kukata ni salama zaidi. Lakini mabua yaliyokatwa yakiachwa hapo yanafunika udongo na kuurutubisha, na kaluna haipendi rutuba. Lazima yaondolewe. Pia kukata hakutoi moshi, na kwenye miamba mashine haipiti.

Kwa nini tusiziache tu, asili ijitunze?

Kwa sababu zikiachwa hazibaki nyika. Kwanza kaluna inazeeka, kisha mireteni na mibetula vinaingia, na karibu na mashamba ya miti sprusi ya Sitka inajipandikiza yenyewe. Mti huo uliletwa kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, mbegu zake husafiri na upepo, na unapenda mvua ya pwani. Kati ya kuachwa na kuwa msitu kuna miongo kadhaa ya vichaka vizee, vikavu, vyenye kuni nyingi, vikizunguka nyumba za watu. Flatanger ilikuwa katika kipindi hicho.

Wapo wanaotaka msitu urudi, na hoja yao inastahili heshima. Lakini asemaye "tuache" aseme pia ni nani atakayelinda nyumba zile katika miongo hiyo.

## Hali zenye utata

Kiraka kilichomwa, kisha ukame ukafuata. Kimepotea?

Mara nyingi hapana. Akiba ya mbegu za kaluna kwenye udongo ni kubwa na hudumu kwa miongo. Miche ya mwaka huu ikifa, nyingine itaota mwaka ujao. Kinachoweza kukipoteza ni kondoo: wakiwa na njaa wakati wa ukame, watakimbilia kiraka hicho hicho kwa kuwa ndicho chenye chipukizi laini. Kama uzio wa muda unawezekana, weka majira ya joto ya kwanza. Na usichome kiraka cha jirani mwaka huo huo.

Kaluna yangu imekauka lakini hapakuwa na ukame. Ni nini?

Angalia mbawakawa wa kaluna. Ni mdogo, rangi ya kahawia, na yeye pamoja na viwavi wake hutafuna majani na gome hadi eneo zima linakuwa jekundu-kahawia mwishoni mwa majira ya joto. Majani yaliyotafunwa yana alama. Yaliyokauka kwa kiu ni mazima.

Mara nyingi sababu zinaungana. Naitrojeni inayoletwa na hewa chafu ya magari na mifugo ya ndani huifanya kaluna iote majani mengi kuliko mizizi. Majani hayo ni matamu kwa mbawakawa, na mmea wenye kichwa kikubwa na miguu midogo hauhimili kiu. Uholanzi ilipoteza nyika nyingi kwa njia hiyo katika karne ya 20, kaluna ikafa na nyasi zikashika. Pwani ya kusini-magharibi ya Norwe hupokea naitrojeni zaidi kuliko kaskazini, kwa hiyo hatari ni kubwa huko.

Kuchoma hakuongezi kaboni hewani?

Moto hutoa kaboni ya matawi, na matawi mapya huirudisha katika miaka inayofuata. Kaboni iliyo kubwa iko kwenye mboji, na hiyo ndiyo isiyopaswa kuguswa. Ndiyo maana tumesisitiza mboji iliyolowa. Kwenye mboji ya kina, kuchoma hakushauriwi. Uingereza iliweka mwaka 2021 kanuni za kuzuia uchomaji katika maeneo ya hifadhi yenye mboji inayozidi sentimita 40, ingawa huko mjadala umechanganyika na uwindaji wa ndege, maana nyika huchomwa pia kwa ajili ya ndege hao.

Hivi vichaka havina ndugu zake Afrika Mashariki?

Vipo. Erika, wa ukoo mmoja na kaluna, hutawala ukanda wa juu wa Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, na mahali pengine huwa miti kabisa. Lakini historia yake ni nyingine. Misitu ya erika ya Kilimanjaro hunasa maji ya mawingu, na moto wa mara kwa mara umeirudisha nyuma na kuigeuza vichaka vifupi. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 iliunguza eneo kubwa la ukanda huo. Pale moto unabomoa, Lygra unatunza. Mimea ni ndugu, matibabu ni tofauti.

Naishi pwani ya Norwe. Naweza kuchoma nyama kwenye nyika siku ya jua?

Kuanzia tarehe 15 Aprili hadi 15 Septemba sheria hairuhusu moto wa wazi msituni au karibu na misitu na maeneo ya porini bila kibali, isipokuwa mahali ambapo ni dhahiri hauwezi kusababisha moto kuenea. Nyika ya kaluna si mahali hapo. Jiko la karatasi ya bati la kutumika mara moja, linalouzwa madukani, hupasha joto ardhi iliyo chini yake hata kama miali haionekani, na mboji inaweza kushika moto baada ya wewe kuondoka. Nenda ufukweni penye mawe tupu karibu na maji, na usiyaache makaa hadi uyamwagie maji na kuyagusa yakiwa baridi.

Tahadhari hiyo ni ya majira ya baridi pia, hasa siku za upepo mkavu bila theluji. Ukiona moshi unaotambaa kwenye vichaka, piga 110 mara moja, taja kisiwa na jina la bandari au njia iliyo karibu, kisha ondoka ukielekea upande upepo unakotoka au kwenye ardhi iliyokwisha kuungua.